Rimu ya Vitz imepasuka: nichomelee, niweke tyubu au ninunue nyingine?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa biashara hapa Busia, upande wa Uganda. Nauza vitenge, na kila wiki naendesha Toyota Vitz yangu hadi Kampala kufuata mzigo Kikuubo. Gurudumu la mbele kushoto lilianza kupoteza upepo: nikijaza Jumatatu, Alhamisi limelala. Fundi wa panchari alikagua tairi zima, hakuona msumari. Alipolitoa kwenye rimu ndipo tukaona ufa upande wa ndani, urefu wa kidole changu cha shahada. Sasa nina washauri watatu. Wa kwanza anataka kuchomelea, tena ananiambia "usipoziba ufa utajenga ukuta". Wa pili anasema niweke tyubu, niendelee na safari zangu. Wa tatu anasema nitafute rimu nyingine. Rimu ni zile za alumini zilizokuja na gari. Nimsikilize nani? Na kama pesa haijapatikana, naweza kuihamishia nyuma nikaenda nayo polepole?

Jibu: Dada yangu, msikilize wa tatu. Usiende Kampala na rimu hiyo hata safari moja zaidi, iwe mbele au nyuma, iwe na tyubu au bila tyubu. Weka spea leo, gari libaki kwa safari za hapo mjini mpaka upate rimu nyingine. Jibu ni hilo. Yaliyobaki ni sababu zake, maana najua ukimaliza kusoma utawakuta washauri wako wawili wa kwanza bado wamekaa chini ya mwembe, na wana maneno matamu kuliko yangu.

Hao wawili wanaonekana wanapingana, kumbe kosa lao ni moja: wote wanatibu upepo. Mmoja anataka kuuzibia njia kwa moto, mwingine anataka kuufungia ndani ya mfuko wa mpira. Lakini kushika upepo ni kazi ndogo ya rimu. Kazi yake kubwa ni kubeba. Uzito wa injini, wako wewe, wa marobota ya vitenge, nguvu ya breki unapokutana na lori likipita lingine pale usipotarajia, vyote vinapitia kwenye rimu kabla ya kufika barabarani. Ufa ni habari ya mzigo: mahali fulani metali imeshindwa kubeba. Upepo unaotoka ni mjumbe tu aliyekuletea habari hiyo, na mjumbe hauawi.

Tuanze na mahali ufa ulipo, maana hapo pana mengi.

Sishangai kwamba ni gurudumu la mbele kushoto. Huku tunaendesha kushoto, na kushoto ndiko lami inakomeguka. Barabara yako ya Bugiri, Iganga na Jinja ndiyo hiyo hiyo inayobeba shehena za Mombasa kwenda Kampala na kuvuka hadi Rwanda. Malori yanaikandamiza mchana na usiku, na lori likikujia katikati ya barabara wewe ndiye unayesogea kando kwenye ukingo ulioliwa. Mvua za Machi hadi Mei zikija, shimo linajaa maji, nawe unadhani ni dimbwi. Halafu Vitz ina injini mbele na inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo yenye mzigo mzito zaidi.

Na kwa nini upande wa ndani, usikoonekana? Chukua kopo tupu la maziwa lililofunguliwa upande mmoja. Libonyeze kwenye mdomo uliofunguliwa, kisha libonyeze upande wenye kitako. Mdomo unabonyea kwa kidole; kitako kinakushinda. Rimu imeumbwa hivyo hivyo. Spoki zake zimeshikamana na upande wa nje, ule unaoupiga sabuni ukiosha gari, kwa hiyo mdomo wa nje una wa kuushika. Mdomo wa ndani uko mbali, peke yake. Shimo linapopiga, tairi linabanwa hadi rimu inagongwa, na mdomo wa ndani ndio unaopinda au kupasuka. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na ufa miezi mitatu huku akisifiwa rimu zake zinavyong'aa.

Sasa, ufa ukishaanza haukai. Wewe ni mtu wa vitenge, kwa hiyo nakueleza kwa kitenge. Kitambaa kizima hukichani kwa mikono. Ukikitia mkasi pembeni kidogo tu, unavuta na kinakwenda chenyewe hadi mwisho. Nguvu yote ya mikono yako inakusanyika pale mkasi ulipoishia. Ncha ya ufa kwenye rimu ni pale pale mkasi ulipoishia, na mvutano wake hauji mara moja. Kila gurudumu linapozunguka, sehemu yenye ufa inapita chini, inabanwa, inaachiwa. Tairi la 165/70R14, ambalo Vitz nyingi zinalivaa, lina mzunguko wa karibu mita 1.84, yaani linazunguka kama mara 540 kwa kila kilomita. Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200. Basi kwenda tu, kabla hujapakia hata doti moja, ufa wako umefunguka na kujifunga zaidi ya mara laki moja. Kidole cha shahada cha leo si kidole cha shahada cha Jumamosi.

Mdomo ukikatika, tairi linapoteza pa kukaa. Upepo wote unatoka kwa mara moja, tofauti na ule wa kulala polepole Jumatatu hadi Alhamisi, na gari linavuta upande huo. Kushoto kwako ndiko waliko watembea kwa miguu, wenye baiskeli, watoto wanaotoka shule na boda zilizosimama.

Tuje kwenye tyubu. Hili nalisema kwa aibu kidogo, kwa kuwa nimelifanya. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana ninayeamini kwamba mteja akiondoka akiwa anacheka basi kazi ni nzuri, aliniletea mtu gari la teksi, rimu ina ufa kama wako. Nikaweka tyubu. Upepo haukutoka tena, mteja akafurahi, nami nikafurahi. Baada ya kama wiki tatu akarudi akiwa amepanda boda, rimu ameipakata mapajani. Mdomo wa ndani ulikuwa umeng'oka kipande cha urefu wa kiganja, na tyubu imechanika vipande kama majani ya mgomba baada ya dhoruba. Mungu alimsaidia, alikuwa anapanda mlima na abiria wawili, mwendo mdogo. Nilichokuwa nimefanya ni kumnyamazisha mjumbe. Ufa uliendelea kutembea kama kawaida, ila sasa hakuna aliyekuwa akipewa taarifa.

Zaidi ya hayo, tairi la tyublesi halikutengenezwa kukaa na tyubu. Kwa ndani mara nyingi lina mistari na mikunjo inayosugua mpira wa tyubu, joto linapanda, na kingo za ufa wenyewe zinaweza kuimega tyubu. Msumari ukiingia, tyublesi hupoteza upepo taratibu na kukupa nafasi ya kusogea pembeni. Tyubu inaweza kuuachia wote kwa pumzi moja. Gundi ya chuma inayopakwa juu ya ufa kwa ndani ni ndugu yake tyubu. Hukumu ni moja, siirudii.

Kuchomelea kunahitaji maneno marefu zaidi, kwa sababu si ujinga mtupu. Fundi anayekuambia alumini haichomeleki kabisa anakudanganya. Inachomeleka. Swali ni nini kinabaki baada ya moto kuzimika.

Rimu kama zako humiminwa kutokana na alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo. Ikitoka kwenye kalibu bado ni laini. Nguvu yake inatoka kwenye kupikwa: kiwandani inapashwa joto hadi karibu nyuzi 540, inazimwa kwenye maji, kisha inaokwa tena kwa saa kadhaa kwenye joto la kiasi, kama nyuzi 150 hadi 170. Upishi huo ndio unaoifanya rimu kuwa rimu. Sasa mtu akija na moto wa kuyeyusha alumini, zaidi ya nyuzi 600, ameufuta upishi ule pale alipochomelea na pembeni mwake kwa upana wa vidole kadhaa. Mshono wenyewe unaweza kuwa mzuri wa kupigwa picha. Jirani ya mshono metali imerudi kuwa laini, na ufa mpya mara nyingi huanzia hapo, sentimita moja au mbili kutoka ule wa zamani. Mteja anarudi analalamika "imepasuka pengine", fundi anajibu "ule wangu bado umeshika", na wote wawili wanasema kweli.

Alumini pia ina ujanja wake. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Alumini haikuonyi kwa rangi: inang'aa vile vile, halafu ghafla inadondoka kama siagi. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali alumini safi chini yake imeshayeyuka kwenye 660. Asiyeiondoa ngozi hiyo kabla ya kazi anaishia kuikoroga ndani ya mshono. Na rimu iliyotembea miaka mingi imenyonya vumbi la breki, mafuta na rangi ndani ya ufa wenyewe. Vyote hivyo vikipata moto vinatoa gesi, na mshono unajaa vitundu kama sponji.

Kazi ya kufaa ingekuwa hivi: tairi linatolewa, rangi inakwanguliwa, ncha halisi ya ufa inatafutwa na kutobolewa tundu dogo ili usiendelee, ufa wote unachongwa kwa umbo la V hadi metali safi ionekane, rimu inapashwa joto taratibu, inachomelewa kwa mashine ya tigi yenye gesi ya agoni na waya wa alumini wenye silikoni, inaachwa ipoe bila kumwagiwa maji, kisha inazungushwa na kupimwa kama bado ni duara. Kule Katwe, Kampala, wapo mafundi wanaoijua alumini kama Mkristo ajuavyo Baba Yetu, nami nawaheshimu. Lakini hata wao hawana tanuri la kuipika rimu upya baada ya kuichomelea, na hilo ndilo lililobaki. Yule anayekuja na mashine ya vijiti vya kuchomelea mageti na madirisha, huyo mwambie asante, umkaribishe chai.

Nitakuwa mkweli kwako: kuna nchi ambako karakana hutengeneza ufa mdogo kwenye mdomo wa ndani na gari linarudi barabarani. Huko nako, ufa ukiwa kwenye spoki, karibu na kitovu au kwenye matundu ya nati, hakuna fundi mwenye akili timamu anayeugusa. Wako uko kwenye mdomo, kwa hiyo mshauri wako wa kwanza hajakosea mahali. Amekosea barabara na urefu wake. Urefu wa kidole maana yake ufa umeshatoka kwenye mdomo na kuingia kwenye pipa la rimu, yaani mwili wake wa duara kati ya midomo miwili, pale panapobeba. Ungekuwa na ufa wa ukucha na gari la kwenda sokoni na kurudi, ningebishana naye kwa sauti ndogo zaidi.

Na ile methali yake? Ukuta umesimama, haujabebeshwa gari na kuzungushwa mara laki moja. Mwambie hivyo kwa heshima.

Kuhusu kuihamishia nyuma: nyuma mzigo ni mdogo, hilo kweli, na ndiyo maana wazo hilo linaonekana la busara. Lakini tairi la mbele likiisha upepo ghafla, angalau usukani uko mikononi mwako na unahisi gari linavuta. La nyuma likiisha, mkia wa gari unateleza pembeni, hasa kwenye kona au lami yenye maji, na dereva wa kawaida hukanyaga breki, jambo linaloongeza balaa. Usiifanye spea pia. Spea mbovu ni ile unayoikumbuka saa nne usiku katikati ya msitu wa Mabira. Tena askari wa trafiki akiona ufa huo ana haki ya kukuandikia gari bovu, ile kesi yao ya DMC, nami sitakuja kukutetea.

Kabla hujaweka spea hiyo leo, itazame kwanza. Kama ni lile tairi jembamba linalokuja na magari mengi ya Japani, limeandikwa ubavuni lijazwe 420 kPa, yaani presha 60, na usizidi kilomita 80 kwa saa. Lile ni la kukufikisha kwa fundi. Kwenda nalo Kikuubo na kurudi na marobota ni kulionea.

Shimo lililopasua rimu halikuishia kwenye rimu. Mwambie fundi apitishe kiganja ubavuni mwa tairi, ndani na nje, akitafuta uvimbe. Nundu hata ya ukubwa wa nusu ya ndimu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo nalo limekwisha hata kama kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, bado ni ndefu. Akiwa hapo, asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha gari lipandishwe jeki, gurudumu litikiswe juu na chini, kushoto na kulia. Likicheza, angalia beringi, bolijointi na tairodi. Usukani ukiwa umeanza kukaa upande, alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, inakusubiri, lakini ifanywe baada ya rimu mpya, si kabla.

Zitazameni na rimu nyingine tatu siku hiyo hiyo. Zimepita mashimo yale yale. Sheria ya 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, maana yake hata lililoingia bila tatizo linaweza kuwa limekuja na rimu za miaka 14, na miaka ya barabara zetu ikaongezwa juu. Ili kuona ufa usioonekana kwa macho iko mbinu ya wazee isiyogharimu kitu: safisha mdomo wa ndani mpaka ung'ae, upake mafuta ya taa, subiri kama nusu saa, ufute ukauke kabisa, kisha paka chaki ya shuleni iliyosagwa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ukishaona mstari huo mara moja, hutamwamini tena mtu anayekagua rimu akiwa amesimama.

Sasa kununua, na hapa ndipo watu wanapotoka kwenye ufa mmoja wakaangukia mwingine.

Ukifika Kampala, kwa basi safari hii, utakwenda Kisekka au Ndeeba. Watakuuliza una gari gani, ukisema Vitz watakuletea chochote chenye matundu manne. Usikubali matundu manne tu. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalokabiliana nalo: milimita 100. Kisha tundu la katikati, linaloingia kwenye kitovu cha gari: Vitz ni milimita 54.1. Rimu za Passo na Mazda Demio zina vipimo hivyo hivyo. Za Honda Fit zina matundu ya 100 pia, ila tundu la katikati ni 56.1, zitaingia, muuzaji ataapa zimeingia, nawe utatetemeka usukani kuanzia kilomita 80 kwa saa bila kujua kwa nini, isipokuwa uweke pete ya kujaza nafasi hiyo. Za Nissan March ni 60.1, na zaidi ya hapo nati zake zina uzi wa 1.25 wakati za Toyota ni 1.5. Nati ya Nissan kwenye boliti ya Toyota huanza kuingia kidogo, halafu inakula uzi. Kipenyo, upana na ofseti (kipimo cha rimu inavyokaa ndani au nje ya kitovu) vimechongwa nyuma ya rimu yako yenyewe. Viandike kwenye karatasi au upige picha uende nayo, rimu inayokuja ifanane nayo. Utaona pia herufi JWL. Ni alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi: muundo wa rimu hiyo ulijaribiwa kwa kupindwa ukizunguka, kuzungushwa kwenye ngoma chini ya mzigo, na kugongwa kwa uzito. Usinunue isiyo na alama yoyote, ing'ae namna gani.

Rimu ya mtumba igeuze kabla hujauliza bei. Upande wa ndani ndio wenye historia. Rangi mpya ya fedha ndani ya pipa, mahali ambapo hakuna mtu anayepaka rangi kwa urembo, inaficha kitu. Alama za msasa au grainda, mshono uliolainishwa, sehemu inayong'aa tofauti na jirani zake: rudisha. Itundike kwenye kidole au kamba, uigonge kwa spana. Nzima inalia kama kengele ndogo, yenye ufa mara nyingi inakoroma. Hicho si kipimo cha mahakamani, ila kinasaidia kukataa. Kipimo chenyewe ni kumlipa fundi wa balansi azungushe rimu tupu, bila tairi, kwenye mashine yake mbele ya macho yako. Ukiona mdomo unapanda na kushuka au unayumba, hata kidogo tu, tafuta nyingine. Muuzaji akikataa isipimwe, ameshakujibu.

Ukiniuliza ningefanya nini kwa gari langu mwenyewe kwenye barabara yako, nisingetafuta alumini kabisa. Ningeziuza zile tatu nzima na kununua rimu nne za chuma za Vitz, nyeusi, zenye vifuniko vya plastiki. Najua hazipendezi. Dada zako watasema gari limezeeka. Lakini chuma kikigongwa kwa kawaida kinapinda kabla ya kupasuka, na mdomo uliopinda kidogo fundi anaurudisha kwa nyundo bila moto, ukaendelea na safari. Nacho kina mipaka: kikipasuka kuzunguka matundu ya nati au kwenye mshono unaounganisha sahani na pipa, ni cha kutupa kama alumini. Ila bei yake haikufanyi uanze kufikiria kuchomelea, na hiyo kwangu ni nusu ya usalama. Kama huna hakika ulichouziwa, beba sumaku ya redio mbovu: inang'ang'ania chuma, haishiki alumini.

Kitu kimoja usikubali hata kwa bure: rimu kubwa zenye tairi jembamba za vijana. Ubavu wa 165/70 una kimo cha karibu milimita 116. Ubavu wa 195/45 una 88 tu. Hizo milimita 28 ndizo zilizokuwa zikikupokelea mashimo ya Bugiri.

Wakati wa kufunga, tazama nati. Rimu za chuma hutumia nati zenye ncha ya koni. Baadhi ya rimu za alumini za Toyota hutumia zenye shingo na washa bapa. Zikichanganywa, nati inagusa mahali pasipo pake na inalegea njiani. Zikazwe kwa msalaba, gurudumu likiwa limegusa chini kidogo, kwa nguvu ya 103 Nm. Kama fundi hana spana ya kupima, hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 35 kwenye mkono wa spana wa sentimita 30. Yule kijana anayepanda juu ya spana na kurukaruka anavuta boliti hadi zinachoka, mshushe. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama, zikazwe tena.

Presha nayo isome kwenye stika iliyoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, hata kama imeandikwa Kijapani. Namba ni namba. Ikisema 220 kPa, hiyo ni presha 32. Pungufu sana, tairi linabonyea na rimu inagonga lami moja kwa moja. Nyingi sana, tairi linakuwa gumu na kupeleka kishindo chote kwenye rimu. Pima asubuhi kabla ya kutoka, matairi yakiwa baridi, na kwa kipimo chako mwenyewe. Kipimo cha kompresa ya barabarani kimeangushwa mara nyingi kuliko mtu anavyokumbuka.

Mwisho, ile rimu mbovu usimwachie fundi wa panchari akuwekee. Simshuku mtu, lakini rimu yenye ufa ikipakwa rangi ya fedha inaweza kurudi sokoni, na mtu wa Tororo au Mbale akaja kuniandikia barua kama yako. Mwambie aikate katikati kwa grainda ukiwa umesimama pale, kisha uuze vipande kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanaoyeyusha alumini wataimimina iwe sufuria.